Mgonjwa wa moyo amerudi Tanga, hesabu ya mshono bado inaendelea

Tangu tuanze kuwapigia simu wagonjwa wanaofanyiwa upasuaji wa baipasi (wa kuupitishia moyo damu kwa mshipa mwingine, kando ya ulioziba) Dar es Salaam na kurejea Tanga, malalamiko hayaishi. Wapo wanaodhani tunadai pesa. Wapo wanaotukatia simu wakidhani ni matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na hao siwalaumu. Muuguzi wetu haombi shilingi wala namba ya siri. Anauliza hali ya mshono.

Maambukizi mengi ya mshono hujitokeza mgonjwa akishakuwa nyumbani, ndiyo maana tunafuatilia. Yaliyo juu ya ngozi tunayahesabu hadi siku ya 30. Ya ndani zaidi, yakiwemo ya mfupa wa kifua, hadi siku ya 90. Siku ya upasuaji ndiyo siku ya kwanza. Si siku ya kuruhusiwa, wala si siku uliyoshuka basi Kange. Kwenye fomu tunajaza tarehe hiyo, mshono ulipo, usaha, wekundu, maumivu yanayozidi, homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, na kila dawa iliyotumika, hata ya jirani. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtumishi akizitoa ovyo, anawajibishwa kisheria.

Sasa mguu. Mshipa wa kupandikiza kwenye moyo mara nyingi hutolewa mguuni, kwa hiyo mishono ni miwili. Mzee akifika kliniki anafungua vifungo vya shati kabla hajaombwa, na kifua ni kizuri kabisa. Mwambie apandishe kikoi: kwenye shavu la mguu kuna bandeji imegandana kwa majimaji ya njano, na chini yake unga mweupe. Ni kapsuli ya amoksilini, imepasuliwa na kumwagiwa hapo. Jamani! Dawa hiyo humezwa, tena kwa cheti cha daktari. Ukiimwaga juu ya kidonda inafanya gamba na kutuharibia majibu ya maabara, na bakteria tunaowakuta sana, stafilokokasi, wengi wao amoksilini haiwatishi. Mafuta ya nazi na habasoda navyo viacheni jikoni.

Sampuli ya usaha huchukuliwa kabla ya kuanza antibayotiki mpya, ikaoteshwa maabara ili bakteria wakue na wajulikane. Majibu kwa kawaida hutoka baada ya siku 2 hadi 3. Ukipitia duka la dawa kwanza ukameza antibayotiki, huenda tukaotesha tusione kitu.

Kingine ni adabu zetu. Muuguzi akiuliza "kidonda kinaendeleaje?", mwenye simu anaitikia "hajambo, alhamdulillahi", kama anayeamkiwa barazani. Tafadhali mpe mgonjwa mwenyewe azungumze, au funua bandeji utazame ndipo ujibu.

Mfupa wa kifua umefungwa kwa waya na huchukua takriban miezi 2 hadi 3 kuunga. Baiskeli, ndoo ya maji na mjukuu wa kubebwa vingoje. Ukikohoa ukasikia mfupa unagonga au kucheza, au mshono wa kifua ukaanza kutoa majimaji, usisubiri zamu yako ya kupigiwa simu. Njoo usiku huohuo, na karatasi ya ruhusa mkononi.