Dawa ya sonona kwa miguu inayowaka moto: mama, hujawa kichaa

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kliniki yetu ya kisukari, mtu mzima wa miaka 60 na kitu, akatoa kwenye pochi pakiti ya amitriptilini, hiyo dawa ya sonona, aliyopewa wiki 3 kabla, kaifunga kwenye kitambaa kama hela, na vidonge vyote vipo isipokuwa kimoja. Nikamuuliza, mama mbona hujameza? Akaangalia mlangoni kwanza kama kuna mtu, ndio akanijibu kwa sauti ya chini: "Dokta, kuna mtoto wa jirani anauza duka la dawa, kasema hizi wanapewa watu wa Milembe. Mimi inaniwaka miguu, akili zangu ziko timamu."

Milembe ni hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Kauli hii naisikia karibu kila wiki na inaniuma, kwa sababu mtu anakaa na maumivu miezi mingi huku dawa iko kabatini, sio kwa sababu haijamsaidia, ni kwa sababu ya aibu. Kwa hiyo leo nataka nieleze kwa nini dawa ya sonona inafika mpaka kwenye nyayo.

Huyu mama usiku hawezi kuvumilia shuka likigusa vidole, yaani shuka tu, anashuka kitandani anakanyaga sakafu ya simenti ili apoe. Na bado nilipomfumbisha macho nikamgusa chini ya dole gumba na kile kiuzi cha nailoni tunachotumia kupima, nikabonyeza mpaka kikapinda, akaniuliza "umeshaanza?" Hakusikia kitu. Watu wengi hawaelewi hapo, mguu uliokufa ganzi unawezaje kuuma? Unaweza, na ndivyo kisukari kinavyofanya. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu kuanzia ile mirefu kabisa, ndio maana inaanza vidoleni na kupanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Uzi wa mshipa wa fahamu ulioharibika haupeleki tena habari sahihi za ngozi, lakini unaweza kuanza kurusha ishara wenyewe bila kuguswa na chochote, na ubongo ukizipokea unazisoma kama moto, kwa sababu nyuzi hizo kazi yake tangu zamani ni kuleta habari za moto na majeraha.

Unazijua hizi nyuzi hata kama hujawahi kusoma biolojia. Ukijikwaa kidole kwenye mguu wa meza kuna maumivu mawili, la kwanza kali la ghafla, halafu kuna kanafasi kadogo, ndio linakuja la pili, zito, la kuwaka, lile la kukufanya ukae chini ushike mguu. La kwanza linapita kwenye nyuzi zenye ala nyembamba ya mafuta zinazokwenda kama mita 5 mpaka 30 kwa sekunde, la pili linapita kwenye nyuzi nyembamba kabisa zisizo na ala, mita 0.5 mpaka 2 tu kwa sekunde, na kutoka kidoleni mpaka uti wa mgongo ni karibu mita nzima, kwa hiyo lazima lichelewe.

Na hizi nyembamba ndizo zinazowaponza wagonjwa wangu. Kile kipimo cha umeme cha mishipa ya fahamu kinaona nyuzi nene za mwendo kasi tu, nyembamba hakizioni kabisa. Mtu anaenda anapimwa, majibu yanatoka safi, anaambiwa huna tatizo ni mawazo tu. Huyu mama aliwahi kuambiwa hivyo sehemu moja kabla hajafika kwetu. Sasa fikiria, umeambiwa ni mawazo, halafu mwingine anakupa dawa ya sonona, utaamini nini? Hata mimi ningeifunga kwenye kitambaa.

Turudi kwenye dawa. Maumivu hayapandi tu kutoka mguuni kwenda kichwani, kuna na amri zinazoshuka. Mwaka 1969 mtafiti David Reynolds alipitisha umeme kidogo sehemu fulani ya katikati ya ubongo wa panya, na akaweza kuwafanyia upasuaji bila dawa ya usingizi. Yaani ubongo una njia yake ya kushusha maumivu, inaanzia huko inashuka mpaka kwenye uti wa mgongo, pale nyuzi za mguuni zinapokabidhi habari, na inapunguza kinachoruhusiwa kupanda. Kemikali mojawapo kubwa inayotumika kwenye njia hiyo ni noradrenalini, na serotonini nayo imo. Amitriptilini inazuia kemikali hizo zisinyonywe haraka, zinakaa muda mrefu zaidi zikifanya kazi. Ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1961 kama dawa ya sonona kwa sababu kemikali hizohizo zinahusika na hisia pia, lakini kemikali haijui imeandikiwa ugonjwa gani.

Na hili la "inasaidia kwa sababu inakupa furaha" lilishapimwa. Mwaka 1987 Mitchell Max na wenzake huko Marekani waliwapa amitriptilini wagonjwa wa kisukari wenye maumivu ya neva, yaani ya mishipa ya fahamu, wengine wana sonona na wengine hawana, na maumivu yalipungua kwenye makundi yote mawili. Dozi yenyewe ni tofauti, kwa neva tunaanza na miligramu 10 au 25 usiku, wakati kwa sonona mara nyingi inafika 75 na kuendelea.

Sisemi ni muujiza. Kwa wastani unawapa watu 4 hivi ili mmoja apate nafuu kubwa ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Inakausha mdomo, inafunga choo, asubuhi unaamka mzito, na mzee anaweza kuanguka usiku akiamka kwenda chooni. Mwenye shida ya mapigo ya moyo, presha ya macho au tezi dume iliyovimba amwambie daktari kabla, na usiianze mwenyewe kwa kuazima ya jirani. Tena kama unatumia metformini, ile dawa ya kisukari, miaka mingi omba upimwe vitamini B12, maana inaweza kushuka na miguu ikaanza kufanya hivihivi, na huyo anahitaji vitamini.

Ni kweli sonona na maumivu vinatembea pamoja, asiyelala miezi 6 kwa sababu ya miguu lazima moyo uchoke, na asiyelala ile njia ya kushusha maumivu nayo inadhoofika. Tukikuta sonona tunaitibu, ni ugonjwa kama kisukari chenyewe. Ila huyu mama hakuwa nayo, alikuwa na usingizi wa kudai.

Nilimchorea yote haya nyuma ya karatasi ya maabara, mguu, mgongo, kichwa, mishale inayopanda na inayoshuka. Akaikunja akaweka pochini. Halafu akanisogezea pakiti na kalamu, niandike juu. Nikaandika: nusu kidonge usiku, ya neva za miguu. Akasoma, akanirudishia. "Hapo kwenye miguu andika kubwa, dokta. Na yule mtoto asome."