Kwa nini hifadhidata huchelewa kuamka stima ikirudi?

Stima ikipotea ghafla kisha ikarudi, kompyuta ya dukani huwaka mara moja, lakini hifadhidata iliyo ndani, yaani programu inayotunza rekodi za duka, yaweza kukaa dakika nyingi ikimkatalia kila anayebisha. Huwa inafanya nini?

Kwa miaka nilijibu kwamba inakagua data yote, jedwali moja baada ya jingine, ikitafuta palipoharibika. Jibu linaingia akilini, ila si kweli. Nililitoa kwa mwenye duka la jumla hapa Malindi, mtu wa mkokoteni akiwa nje anangoja risiti ya magunia sita ya mchele. Mzee akaniuliza, "Sasa mwanangu, mwezi uliopita ilipozimika iliamka kwa sekunde tano. Data imeongezeka kiasi gani tangu hapo?" Ilikuwa imeongezeka kidogo tu. Kama ingekuwa inakagua kila kitu, muda ungefuata ukubwa wa data. Haufuati: ya gigabaiti 500 yaweza kuamka upesi, na ya gigabaiti 10 ikakuweka mlangoni.

Tuchukue PostgreSQL, aina mojawapo ya hifadhidata, ndiyo iliyokuwa pale. Ifikirie kama karani mwenye madaftari mawili. La mkononi huandikwa papo hapo, mstari chini ya mstari. Leja kubwa, ambayo kila mteja ana ukurasa wake, hujazwa baadaye akipata nafasi, na akishahamisha yote hupiga mstari mwekundu kwenye daftari la mkononi: mpaka hapa, leja inajua. Mstari huo ndio chekipointi. Usipogusa mipangilio, hupigwa kila dakika 5, au mapema zaidi maandishi mapya yakielekea gigabaiti 1. Stima ikikatika, karani hurudi kwenye mstari mwekundu wa mwisho na kuhamisha upya kila kilichoandikwa chini yake. Kinachopimwa basi ni umbali kutoka mstari huo, leja iwe nene au nyembamba.

Na kule dukani mstari ulikuwa mbali. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeusogeza hadi saa nzima, na kuongeza nafasi ya daftari, ili mfumo uwe mwepesi. Ulikuwa mwepesi kweli.

Hata hivyo jibu langu la zamani lina chembe ya ukweli. Kabla ya kuhamisha chochote, PostgreSQL hulipitia kila faili la data na kuiamuru diski ithibitishe kuwa limeandikwa. Haisomi yaliyomo, lakini mafaili yakiwa laki kadhaa kwenye diski ya polepole, utaisikia. Hapo hoja ni idadi ya mafaili. MySQL, hifadhidata ya aina nyingine, nayo ina yake: shughuli zilizokatika katikati huendelea kuzifuta kimyakimya, milango ikiwa imeshafunguliwa.

Ukitaka kujua umekwama wapi, soma logi, faili ambamo hifadhidata huandika inachofanya. Tangu toleo la 15, kazi ikirefuka, PostgreSQL kila sekunde 10 huandika iko hatua gani: bado kwenye mafaili, au inahamisha na imefika wapi. Namba ikisogea, iache. Kulifuta daftari la mkononi ili "iharakishe" ni kuchana kurasa ambazo leja haijaziona, na kuizima katikati hukurudisha kwenye mstari mwekundu uleule.

Mimi niliizima mara mbili kabla ya kufungua logi. Katika zile dakika kumi na mbili alizosubiri mtu wa mkokoteni, saba zilikuwa zangu.