Kipimo cha G6PD: "kawaida" ya nani?

Kwa nini nipimwe G6PD kabla ya kupewa primakwini (dawa ya malaria) ya siku 14?
G6PD ni kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu. Kikiwa pungufu, primakwini huzivunja chembe hizo: mkojo unakuwa kama chai ya rangi, macho yanageuka manjano, mgonjwa anaishiwa damu.

Kiwango cha kawaida kinapatikanaje?
Majibu huandikwa kwa uniti kwa kila gramu ya himoglobini. Namba hizo hubadilika kwa mashine na kwa joto la kupimia, kwa hiyo usilinganishe majibu ya maabara mbili. Maabara hupima wanaume wa eneo lake, huwaondoa wenye upungufu mkubwa, na thamani ya katikati ya waliobaki ndiyo asilimia 100. Wanaume hutumika kwa kuwa jeni ya G6PD iko kwenye kromosomu X, nao wanayo moja tu: ama ina kasoro, ama haina.

Na mwanamke?
Hapa ndipo watu wanapoumizwa. Mwanamke ana X mbili, na kila chembe hutumia moja. Akirithi jeni yenye kasoro kwa mzazi mmoja, damu yake huwa mchanganyiko wa chembe zilizokingwa na zisizokingwa. Jibu la asilimia 50 ni wastani tu. Huenda nusu ya chembe zake hazina kinga. Kipimo cha doa linalong'aa, ambacho hakitoi namba, hugundua walio chini ya asilimia 30 hivi, basi huyu ataandikiwa "kawaida". Tafenokwini, dawa ya malaria ya jamii moja na primakwini, hudai asilimia 70 au zaidi, maana hukaa mwilini kwa wiki kadhaa na haiwezi kusitishwa ikishamezwa. Mwanamke anayetakiwa kuimeza apimwe kwa mashine inayotoa namba.

Chembe zangu za damu zilivunjika wiki iliyopita, kipimo kikasema niko sawa. Niamini?
Hapana. Katika aina iitwayo A-, iliyoenea Afrika, kimeng'enya huisha chembe zinapozeeka. Zilizovunjika ni zile kuukuu. Zilizobaki ni changa, bado zinacho cha kutosha. Rudia baada ya miezi 3 hivi. Ukiwa umeongezewa damu pia subiri, la sivyo utapimiwa kimeng'enya cha aliyekuchangia.

Dozi moja ndogo ya primakwini, ya kuzuia malaria ya falsiparamu (aina mojawapo ya vimelea vya malaria) isiambukizwe, nayo inahitaji kipimo?
Dozi hiyo ni miligramu 0.25 kwa kilo. Tangu 2012, WHO haidai kipimo, lakini mjamzito hapewi.