Kubadilisha magari ya lizi maana yake nini hasa

Ukisikia watu wa ofisi wanasema "mwezi ujao tunabadilisha magari" utadhani ni kitu cha asubuhi moja, dereva anapeleka Hilux ya zamani yadi, anapewa funguo za mpya, saa saba yuko kantini anakula matoke. Mimi nilidhani hivyohivyo. Nimeshika magari ya shirika hapa Kampala miaka kadhaa sasa, na hiyo siku ya funguo ndio kipande kidogo kuliko vyote, kazi inaanza kama miezi sita kabla na inakuja kuisha wiki kadhaa baada ya gari kuondoka.

Lizi kwanza. Ni kukodi gari kwa mkataba mrefu, mara nyingi miaka miwili mpaka minne, unalipa kila mwezi, na gari linabaki la kampuni iliyokukodisha, jina kwenye logibuku, yaani kitabu cha umiliki, ni lao si lako. Kuna ile nyingine ambayo ukimaliza kulipa gari linakuwa lako, hiyo mimi naiita mkopo uliovaa koti, tuiache maana huko hakuna kurudisha kitu. Hii ya kurudisha ina mambo matatu ya kukariri kama sala: tarehe ya mwisho, kilomita ulizopewa, na hali ambayo gari linatakiwa liwe nayo likirudi. Kubadilisha ni pale mkataba wa gari moja unakufa na wa lingine unazaliwa, na pesa za watu zinapotelea hapo katikati.

Hapo katikati kuna mambo mawili yanaweza kukupata. La kwanza ni pengo, yaani gari la zamani limeondoka na jipya halijafika. La pili ni kupandana, magari yote mawili yako uani kwako na unayalipia yote. Bosi wa fedha anachukia kupandana kwa sababu kunaonekana kwenye karatasi, laini mbili za malipo ya mwezi uleule. Pengo halioni, kwa sababu linajificha kwenye risiti za kukodi gari la siku na kwenye safari za Gulu, huko kaskazini, zilizoahirishwa. Tuseme lizi ni 4,500,000 kwa mwezi, wiki mbili za kupandana ni kama 2,100,000. Sasa kodi gari la kupanda milima na dereva wake kwa 250,000 kwa siku, siku kumi na nne, hiyo ni 3,500,000 na mafuta bado hujaweka. Mimi nachagua kupandana kila siku, na nishagombana na watu kwa ajili hiyo.

Kwa nini pengo linatokea? Kwa sababu gari jipya la Uganda lina safari ndefu kabla hujaliona. Sisi hatuna bahari, meli inashusha Mombasa, kutoka hapo ni zaidi ya kilomita elfu moja mpaka Kampala kupitia Malaba au Busia, au lishuke Dar na kuingilia Mutukula. Kodi za URA, mamlaka ya mapato, lazima ziishe, mengine yanakaa kwanza kwenye bondi, yadi ya kusubiri kodi zilipwe. Halafu namba, siku hizi ni zile pleti za kidijitali serikali ilizozindua 2023. Halafu bima, thadi pati, ile ya kuwalipa watu wengine mkiwagonga, ni lazima kwa sheria na stika yake iwe kwenye kioo, na ile kubwa ya kulinda gari lenyewe inatakiwa ianze kabla dereva hajakanyaga mafuta. Halafu traka ya kuonyesha gari liko wapi, keria ya juu, redio ya mawasiliano kama mnaenda Karamoja, kule mbali kaskazini mashariki. Kampuni ikikwambia "gari limefika" uliza tu, limefika wapi? Kufika Mombasa ni kufika, kufika bondi ni kufika, lakini mimi kwangu gari limefika likiwa na namba, na bima, na mafuta ya kunitoa hapo getini.

Ndio maana nahesabu kwa kurudi nyuma. Mkataba unaisha Desemba, basi Juni naandika oda, Septemba nauliza kila wiki, na mwanzo wa Novemba kama sioni namba ya chasisi ya gari langu kwenye karatasi yoyote naomba kuongezewa muda kwenye lile la zamani. Kwa maandishi. Usikubali ile ya simu ya "ssebo (bwana) endelea tu kulitumia tutaongea", kwa sababu kuna mikataba ambayo bima ya gari imefungwa na tarehe ya lizi, ukipata ajali siku ya tatu baada ya tarehe hiyo utabaki na yale maneno ya simu peke yake.

Kilomita nazo zinakula watu kimyakimya. Chukua mkataba wa miezi 36 wenye kilomita 90,000, ni 2,500 kwa mwezi. Kampala mpaka Gulu ni kama 330, kwenda na kurudi 660, kwa hiyo safari nne tu za Gulu kwa mwezi zimeshapita kiwango na bado hujaenda hata Entebbe kumpokea mgeni. Mwezi wa 30 gari linatakiwa lisome 75,000, ukiona 84,000 maana yake unakimbia 2,800 kwa mwezi na utamaliza na 100,800. Hizo 10,800 za ziada, kama kila moja ni shilingi 700, ni milioni saba na nusu na kidogo. Dawa yake ni rahisi mpaka inaudhi: lile gari la mjini linalokwenda benki na kurudi, lipeleke Gulu, na la Gulu lilete mjini, lakini ufanye hivyo mwaka wa pili. Mwezi wa 35 hakuna cha kuokoa. Ila muulize kwanza mwenye gari kama mkataba unaruhusu, wengine wanaandika gari fulani ni la mjini tu.

Sasa tuje kwenye hali ya gari, ndipo watu wanalia. Mkataba unasema uchakavu wa kawaida ni wa kampuni, uharibifu ni wako. Kwenye karatasi inaeleweka, kwenye yadi kila mtu ana macho yake. Kiti kulainika pale dereva anapokalia ni kawaida. Kiti chenye doa la mafuta ya rolex, chapati ya mayai, aliyokula dereva foleni ya Jinja Road, hapo mnaanza kubishana. Tairi kuisha ni kawaida, tairi kupasuka ubavuni sio. Vijiwe vya maramu, zile barabara zisizo na lami, kuchoma rangi juu ya magurudumu, hapo inategemea mkaguzi ameamkaje.

Mara ya kwanza kurudisha gari nilienda na mzee wetu, dereva aliyeliendesha miaka mitatu na kulifuta kila asubuhi. Mkaguzi alikuwa kijana mpole, hana haraka, akazunguka mara mbili bila kusema kitu kisha akapiga magoti akapitisha kiganja chini ya bampa ya mbele kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kochi. Akaleta vidole juu, vina rangi. "Mzee, hapa pamekwaruzwa." Mzee akasema kwa sauti ya kuumia kabisa, "Mwanangu, hiyo ilikuwepo siku tunalichukua, mimi ndiye niliyelitoa hapahapa." Nilimwamini, na mpaka leo namwamini. Kijana akaniuliza mimi, "Picha iko wapi bosi?" Picha hakuna. Fomu ya siku ya kwanza ilikuwa imeandikwa neno moja, "sawa", na sahihi yangu chini yake. Tukalipa bampa.

Kwa hiyo, na hili ndilo ningetaka ulishike kuliko mengine, kurudisha gari kunaamuliwa siku unayolichukua. Siku hiyo ya furaha, plastiki bado ziko kwenye viti, ndiyo siku ya kulala chini na simu na kupiga picha za tumbo la gari, rimu zote nne, spea, jeki, wili spana, funguo ya pili, dashibodi ikionyesha kilomita. Mwanga wa asubuhi, gari likiwa limeoshwa. Halafu zitume kwa imeili kwa kampuni siku hiyohiyo ili tarehe ijisemee yenyewe, zikibaki kwenye simu yako tu utakuja kuibiwa simu taksi paki na ushahidi wote uende.

Kitu kingine wengi hawakijui ni stika za shirika. Mnabandika nembo kubwa mlangoni, gari linakaa kwenye jua la Moroto, huko Karamoja, miaka mitatu, siku ya kurudisha mnabandua vizuri kabisa na nembo bado inaonekana! Rangi iliyozunguka imepauka, iliyokuwa chini ya stika haijapauka, kwa hiyo jina la shirika limeandikwa na jua. Kuna mikataba inalihesabu hilo kama uharibifu. Tundu za skrubu za antena ya redio ndio usiseme. Ukiweza tumia stika za sumaku, na antena ifungwe kwenye keria, sio kwenye bodi.

Faini pia. Tiketi za EPS, zile faini za papo hapo za trafiki, zina namba ya gari, na namba hiyo ukiitafuta inaleta jina la kampuni ya lizi, kwa hiyo wakikuta deni watakuletea pamoja na gharama zao za usumbufu. Wiki ya kurudisha mimi naangalia namba yenyewe kwenye mfumo, siulizi madereva, maana hakuna dereva aliyewahi kukumbuka tiketi.

Na baada ya gari kuondoka bado kuna mikia. Simu ya dereva imeungana na redio ya gari, majina yote ya kazini yamo humo, futa. Traka ni ya nani, yenu au yao, kama ni yenu mwite fundi aitoe. Kadi ya mafuta nilijifunza kwa uchungu: tulirudisha gari Jumatatu, nikasema nitaifunga kadi yake nikipata nafasi, mwisho wa mwezi napitia stetimenti nakuta namba ya gari lile imejaza dizeli Alhamisi, lita sitini, na Jumamosi tena. Siku hizi naifunga nikiwa palepale yadi, kabla sijatia sahihi ya mwisho, mkaguzi akiwa bado chini ya bampa.