Theresa May na Brexit: yanayosemwa kwenye kamukunji na yaliyotokea

Watu wengi hapa Kisumu ukiwatajia Theresa May, wanachokumbuka ni densi. Agosti 2018 alikuja Nairobi, waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza kuzuru Kenya tangu Margaret Thatcher mwaka 1988. Akacheza na vijana wa skauti kule Gigiri, video ikazunguka kwenye WhatsApp, watu wakacheka, basi. Lakini kila mtu anapoanza kusema kwamba nchi fulani ijitoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, jina lake, pamoja na lile la Brexit, yaani Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, hurudi kwenye kamukunji ya asubuhi kando ya muuza magazeti. Huyu anamtaja kama mfano wa udhaifu, yule kama mfano wa usaliti, na mwingine anasema ni mama aliyetwikwa mzigo na wanaume waliokimbia. Mimi naona May aliharibu kweli, ila aliharibu pale ambapo wengi hawamlaumu.

“Yeye ndiye aliyeitoa Uingereza Ulaya”

Hakuianzisha safari wala hakuimaliza. Aliyeitisha kura ya maoni ya kubaki au kutoka ni David Cameron, waziri mkuu aliyemtangulia. Ilipigwa tarehe 23 Juni 2016, waliotaka kutoka wakapata asilimia 51.9, na asubuhi yake Cameron akatangaza kwamba anang'atuka. May alichukua kiti 13 Julai mwaka huo. Siku Uingereza ilipotoka rasmi, 31 Januari 2020, yeye alikuwa mbunge wa viti vya nyuma na serikali ilikuwa ya Boris Johnson. Kinachopaswa kupimwa ni ile miaka mitatu ya katikati, ambayo ndiyo watu huijua kidogo zaidi.

“Alipiga kampeni ya kubaki, kwa hivyo alihujumu kusudi”

Hii inapendwa sana, kwa sababu siasa zetu zimetuzoesha kuamini kwamba mtu akishindwa jambo, basi alikuwa amenunuliwa. Ni kweli May aliunga mkono kubaki, tena kwa sauti ya chini. Ila tazama alichofanya alipopata kiti.

Karatasi ya kura ilimuuliza Mwingereza jambo moja tu: tubaki au tutoke? Haikusema lolote kuhusu soko la pamoja (kanuni moja za bidhaa) wala umoja wa forodha (ushuru mmoja kwa bidhaa za nje). Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, lakini imo ndani ya soko la pamoja, kwa hiyo milango ya kutokea ilikuwa zaidi ya mmoja. Tarehe 17 Januari 2017, katika hotuba yake ya Lancaster House, May alichagua mlango ulio mbali zaidi: kutoka soko la pamoja, kutoka umoja wa forodha, kutoka mamlaka ya Mahakama ya Haki ya Ulaya. Mhujumu hafanyi hivyo. Hivyo hufanya mtu anayejua kwamba chama chake hakimwamini, akaamua kuwa muumini kuliko walioanzisha dini.

Tarehe 29 Machi akapeleka barua ya kujitoa kwa Donald Tusk, rais wa Baraza la Ulaya, chini ya Kifungu cha 50 cha mkataba wa Umoja wa Ulaya. Barua hiyo ikifika, miaka miwili inaanza kuhesabiwa. Aliiwasha saa hiyo kabla baraza lake la mawaziri halijakubaliana linataka nini. Kukubaliana kwenyewe kulingoja hadi Julai 2018 pale Chequers, nyumba ya waziri mkuu ya mashambani, na ndani ya siku chache David Davis, waziri wa Brexit, akajiuzulu, kisha Johnson naye akamfuata.

Kama hiyo haitoshi, akaitisha uchaguzi wa mapema aongeze wabunge. Juni 8, 2017 akatoka na viti 317 kati ya 650, akapoteza wingi aliokuwa nao, ikabidi aegemee wabunge 10 wa DUP, chama cha Ireland Kaskazini.

Hotuba, barua, uchaguzi: yote matatu ndani ya miezi mitano, na hakuna aliyemlazimisha. Ukitaka kumhukumu May, mhukumu kwa miezi hiyo. Yaliyofuata yalikuwa malipo.

“Mpaka wa Ireland ulikuwa kisingizio tu”

Mpaka wenyewe uko kati ya Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland, ambayo ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya. Hapa mtu wa Busia anaweza kumfundisha mtu wa London.

Nenda usimame kwenye kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia. Kontena linalokwenda Kampala limeshalipiwa ushuru wa Uganda likiwa bado Mombasa, na limefungwa kufuli ya kielektroniki. Dereva anateremka na karatasi zake, anakuta maafisa wa nchi zote mbili jengo moja, anagongewa mihuri, anaendelea. Mama mwenye kreti za mayai, mradi mzigo wake hauzidi dola 2,000, anajaziwa cheti rahisi cha kuonyesha bidhaa imetoka wapi, anavuka. Haya yote yanawezekana kwa kuwa Kenya na Uganda zimo katika umoja mmoja wa forodha tangu 2005. Na hata hivyo, siku mbaya foleni ya malori Malaba hairudishi mtu nyumbani mapema, na vijana wa boda boda wanazijua njia za panya kuliko wanavyoijua barabara kuu.

Sasa toa nchi moja katika mpango huo. Swali la “mzigo huu umetoka wapi, umelipiwa nini?” ni lazima liulizwe mahali fulani, na anayeuliza anahitaji geti.

Ushuru nao ni nusu ya hadithi. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalikwama mpakani, ilhali hakuna ushuru hata wa senti uliobadilika. Kilichosimamisha mizigo ni viwango vya usalama wa chakula. Kwa hiyo mpaka usiokuwa na ukaguzi unataka vitu viwili: ushuru mmoja kwa bidhaa za nje na kanuni moja za bidhaa. Umoja wa forodha unakupa cha kwanza, soko la pamoja linakupa cha pili, na May alikuwa ameshavikataa vyote viwili jukwaani.

Mpaka wa Ireland una urefu wa karibu kilomita 500 na barabara zaidi ya 200 zinazoukata. Mapigano ya Ireland Kaskazini yalidumu kama miaka 30 na kuua watu wapatao 3,500, na vituo vya mpakani vilikuwa miongoni mwa shabaha. Mkataba wa amani wa 10 Aprili 1998 ndio uliofungua njia ya minara ya wanajeshi kuondolewa. Leo mtu huvuka pale bila kujua amevuka. Hakuna aliyetaka kurudisha geti hata moja, May akiwemo.

Basi akaahidi kwa pamoja kwamba Uingereza itatoka soko la pamoja, itatoka umoja wa forodha, haitaweka geti Ireland, na Ireland Kaskazini haitatengwa na sehemu nyingine za nchi. Ahadi hizo hazikai chungu kimoja, chagua utakayoitoa. Alipokubali hatimaye kutoa kitu, ilikuwa kwa ule mpango wa dharura: nchi nzima ibaki katika utaratibu wa forodha pamoja na Ulaya mpaka suluhisho lingine lipatikane. DUP wakakataa, na waasi wa chama chake wakakataa, wakisema nchi isingeweza kutoka humo bila idhini ya Ulaya.

Kwa hiyo mpaka haukuwa kisingizio. Ulikuwa ukweli uliojulikana siku ya Lancaster House, miaka miwili kabla ya bunge kumwangusha.

“Angekuwa na msimamo, bunge lingenyenyekea”

Hili nalisikia zaidi kwa wazee, na naelewa linakotoka. Septemba 2013 mabunge yetu yote mawili yalipitisha hoja Kenya ijiondoe katika Mkataba wa Roma ulioanzisha mahakama ya ICC, na mpaka leo Kenya ni mwanachama. Bunge letu liliweza kupitisha na jambo lisitokee. La Uingereza lilikataa na kila kitu kikasimama. Januari 2017 Mahakama ya Juu huko iliamua, majaji 8 dhidi ya 3, kwamba hata ile barua ya kujitoa serikali isingeweza kuipeleka bila idhini ya bunge.

Msimamo alikuwa nao, tena wa kupindukia. Tarehe 15 Januari 2019 mkataba wake wa kujitoa, aliokubaliana na Ulaya, ulikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Serikali haikuwahi kushindwa kwa pengo kama hilo katika historia ya kisasa ya bunge lile, na kati ya waliompinga 118 walikuwa wa chama chake. Kesho yake upinzani ukaleta hoja ya kutokuwa na imani na serikali, na wabunge wale wale wa chama wakamrudisha kitini, 325 kwa 306. Waliukataa mkataba wake, kazi wakamwachia. Akaurudisha Machi 12, ukashindwa kwa kura 149. Akaurudisha tena Machi 29, siku ambayo nchi ilipaswa kuwa imetoka, ukashindwa kwa 58.

Alichokosa ni mazungumzo na upande wa pili. Aprili Mosi, 2019, wabunge walipigia kura mapendekezo yao wenyewe, na lile la kubaki ndani ya umoja wa forodha lilianguka kwa kura tatu tu, 276 kwa 273. Kura tatu! Kesho yake ndipo May alipotangaza kwamba yuko tayari kuketi na Jeremy Corbyn, kiongozi wa upinzani. Waziri mkuu asiye na wingi bungeni tangu Juni 2017 alibisha mlango wa upinzani miezi 22 baadaye, akiwa ameshakataliwa mara tatu. Sioni pa kumtetea hapo. Mei 24 alitangaza kuondoka, sauti ikimkatika mwishoni.

“Johnson alifaulu kwa sababu alikuwa mwanaume jasiri”

Sehemu kubwa ya mkataba wa Johnson ni ule ule wa May: pesa za kulipa Ulaya, haki za raia, kipindi cha mpito. Alichobadilisha hasa ni sura ya Ireland Kaskazini, akaupeleka ukaguzi baharini, kati ya Ireland Kaskazini na Uingereza bara, jambo ambalo May alikuwa amelieleza bunge Februari 2018 kwamba hakuna waziri mkuu wa nchi hiyo angelikubali. Aliyelikubali alikuwa waziri katika baraza lake mwenyewe. Kisha uchaguzi wa Desemba 2019 ukampa Johnson wingi wa viti 80. Mpe yeyote wingi huo uone atakavyokuwa jasiri.

“Sisi hayatuhusu”

Waulize wenye mashamba ya maua Naivasha. Kenya haimo katika orodha ya nchi maskini kabisa, kwa hiyo mkataba wa biashara ukikosekana tunatozwa, huku Uganda, Tanzania na Rwanda zikiingiza zao bure. Ilitupata Oktoba 2014, tulipochelewa kumalizana na Ulaya: maua yalilipiwa ushuru mpaka karibu Krismasi. Uingereza ilipokuwa ikitoka, hatari ikawa ile ile. Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wao London tarehe 8 Desemba 2020, na kipindi cha mpito kilikuwa kinaisha tarehe 31. Lile ziara la densi lilikuwa, zaidi ya yote, la kuahidi kwamba mlango huo hautafungwa. Video ya ahadi haikusambaa.

“Jumuiya yetu nayo ingetoka vivyo hivyo”

Yetu ilishavunjika mara moja, na ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1977 hapakuwa na barua wala saa ya miaka miwili. Shirika moja la ndege likafa, la reli likagawanyika, kila nchi ikashika kilichokuwa upande wake. Hata meli za ziwani ziligawanyika: MV Uhuru ikawa ya reli ya Kenya hapa Kisumu, MV Victoria ikawa ya Tanzania. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983. Kugawana mali kulikubaliwa Mei 1984, baada ya Mswisi Victor Umbricht kupatanisha kwa miaka.

Mkataba wa sasa, uliotiwa saini Novemba 1999, una Kifungu cha 145. Nchi inayotaka kutoka inahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, kisha notisi ya maandishi ya miezi 12, na inaweza kuifuta notisi hiyo kabla muda haujaisha. Theluthi mbili ni kizingiti ambacho Waingereza hawakujiwekea. Na hilo la kufuta, Kifungu cha 50 cha Ulaya kilikuwa kimya juu yake mpaka 10 Desemba 2018, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliposema kwamba Uingereza inaweza kuiondoa barua yake yenyewe, bila kuomba ruhusa kwa yeyote. Siku hiyo hiyo May alikuwa bungeni akiahirisha kura ya kwanza ya mkataba wake.

Machi iliyofuata watu zaidi ya milioni 6 walitia saini ombi kwamba aifute barua ile ya kujitoa. Wapo wanaosema hapo ndipo alipokosa ujasiri. Mimi simo. Watu milioni 17.4 walikuwa wamepiga kura ya kutoka, na Kisumu hatuhitaji kuelezwa mtu hufanya nini akiamini kwamba kura yake imetupwa.