Kibali cha bango: kwa nini risiti ya ada haitoshi

Kibali cha bango ni ruhusa ya maandishi inayotolewa na halmashauri ili uweke tangazo la aina fulani, la ukubwa fulani, mahali fulani, kwa muda fulani. Kikikosekana kimojawapo kati ya hivyo vinne, kibali kina pengo. Ukilisogeza bango lako hadi kona ya pili, au ukalifunga taa ambazo hukuziombea, inabidi urudi kuomba upya, hata kama ada ya mwaka mzima ulishailipa.

Hapa ndipo wenye biashara ndogo huumia, na kwa kweli hawaelezwi vya kutosha. Mwenye saluni analipa ada, anapewa risiti, anaibandika ukutani karibu na leseni ya biashara, anaamini kazi imekwisha. Baadaye anakuta kibao chake kimeng'olewa. Risiti inathibitisha kwamba umelipa. Kibali ndicho kinachosema bango lina haki ya kuwa pale. Mambo haya mawili yanaweza hata kuwa mikononi mwa ofisi tofauti. Mwaka 2017 kazi ya kukusanya ada ya mabango Tanzania Bara ilipelekwa kwa muda TRA, mamlaka ya mapato. Mkusanyaji alibadilika, lakini swali la wapi bango lisimame lilibaki kwa halmashauri.

Halmashauri za Tanzania Bara hutumia sheria ndogo, zinazotungwa chini ya sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982. Ndiyo maana viwango vya manispaa moja havifanani na vya jirani yake. Mara nyingi ada huhesabiwa kwa mita za mraba, na bango lenye taa hutozwa zaidi. Kenya, Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti jukumu hili: Jedwali la Nne linataja matangazo ya nje katika kifungu kimoja na uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma. Mpangilio huo una mantiki. Bango haliangaliwi na mwenye duka peke yake. Kila apitaye hulazimika kuliona. Nairobi ilitunga sheria yake mahsusi ya matangazo ya nje mwaka 2018.

Jambo linaloleta hasara kubwa kuliko yote ni hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya 2007 inaipa barabara kuu na ya mkoa hifadhi ya mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mita 30 ni mbali kuliko watu wanavyodhani. Zinaweza kupita mtaro na kufika kwenye baraza ya duka lako. Eneo hilo husimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mkoa, na barabara za mijini na vijijini zipo chini ya wakala mwingine, TARURA, ulioanzishwa 2017. Kwa hiyo unaweza kuwa na karatasi safi ya halmashauri na bado ukapewa notisi ya kuondoa bango kwa gharama zako. Kenya hali ni hiyo hiyo, ila wa kuuliza ni KeNHA (barabara kuu za taifa), KURA (za mijini) au KeRRA (za vijijini). Ushauri wangu ni uulize barabara ni ya nani kabla hujamlipa fundi wa kuchomelea nguzo.

Ombi lenyewe si gumu. Kwa kawaida hutakiwa picha ya eneo, mchoro wenye vipimo, ridhaa ya mwenye jengo au kiwanja, na nakala ya leseni. Bango refu la nguzo huhitaji pia michoro ya mhandisi, kwa sababu likiangushwa na upepo linaua. Afisa anayekagua huangalia kama litaziba taa za barabarani au alama ya kivuko, kama mwanga wake utamchoma macho dereva usiku, na kama nguzo itamlazimisha mtembea kwa miguu, au mtu asiyeona, kushuka barabarani. Penye majengo ya kale masharti huwa mazito zaidi. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, una mamlaka yake ya hifadhi, na ukitaka kugusa uso wa jengo pale, anza na mamlaka hiyo.

Yaliyoandikwa juu ya bango ni suala jingine. Tangazo la sigara Kenya limepigwa marufuku na sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007, na kibali cha kaunti hakiwezi kulihalalisha.

Ukipewa kibali, kisome palipoandikwa eneo. Kama kimeandika jina la mtaa tu, omba kiongezwe namba ya kiwanja au jina la jengo, kisha weka nakala dukani, maana wakaguzi huja bila kutangaza.