Mchina atampita Mmarekani lini? Hesabu tulizopiga barazani Mkunguni

Kila nikija Lamu kwa hizi semina zetu za elimu ya uchumi kwa umma kuna swali moja haliniachi, na juzi likanikuta tena pale Mkunguni mbele ya ngome, kahawa hata sijaipuliza. Mzee mmoja akaniambia, mwanangu wewe ndo mtu wa uchumi, hebu twambie, Mchina si ashampita Mmarekani kwa uchumi? Bandari kule Kililana kajenga nani? Hizi simu twashika za nani? Vijana pembeni wakaitikia, mmoja akasema ati zamani sana.

Nikajibu inategemea mwahesabu vipi, wakanicheka, hilo ndo jibu lenu nyote mliosoma. Haki yao. Basi nikatoa kalkuleta ya simu.

Mwaka 2023 uchumi wa Marekani, yaani thamani ya vyote walivyozalisha mwaka ule, ulikuwa kama dola trilioni 27 na nusu, wa China kama trilioni 18. Ukisema China ikue asilimia 5 kila mwaka na Marekani asilimia 2, watalingana baada ya karibu miaka 15. Sasa guza kidogo tu, China iwe 4 na Marekani iwe 2 na nusu, hiyo miaka 15 inakuwa karibu 30! Yaani ukimsikia mtu amekutajia mwaka kamili wa Mchina kupita, jua kwanza kashachagua hizo asilimia mwenyewe, na hapo ndo mambo yote yalipo.

Tena kuna kioja. Mwaka 2021 China ilikuwa ishafika karibu robo tatu ya uchumi wa Marekani, 2023 ikarudi kwenye theluthi mbili hivi, na huku ilikuwa inakua kuliko Marekani. Vipi? Ni kwamba twawapima wote kwa dola. Yuan, pesa ya China, ilitoka 6.4 kwa dola ikafika 7.1, alafu Marekani bei zilikuwa zapanda vibaya na China bei zimelala, basi kwa karatasi Mmarekani akaonekana kavuta mbele hata pale ambapo hakuzalisha sana.

Ndo maana wataalamu wana kipimo cha pili, wanaangalia pesa yanunua nini pale ilipo. Shilingi mia hapa wapata mahamri na mbaazi ukashiba, lakini ibadilishe iwe dola uende nayo New York, haifiki hata dola moja, sijui utanunua nini. Kwa kipimo hicho, hata kwa hesabu za IMF, lile Shirika la Fedha la Kimataifa, China ilishampita Marekani tangu katikati ya miaka ya 2010. Mzee akapiga paja, si nilikwambia! Ngoja kwanza ami. Mbaazi hazivuki bahari. Mafuta ya boti na ndege na mitambo vyanunuliwa kwa bei ya dunia, na huko kipimo cha kwanza ndo chatawala.

Mimi ninachopenda kuwakumbusha wazee ni mashine za boti. Waliokuwa wavuvi miaka ya 80 wanajua, Yamaha kila mahali, Toyota kila mahali, na dunia nzima ilikuwa yasema Mjapani ampita Mmarekani kesho asubuhi. Na alikaribia kweli, 1995 uchumi wa Japani ulikuwa zaidi ya asilimia 70 ya ule wa Marekani. Lakini bei za ardhi na hisa zilikuwa zishapasuka mwanzo wa miaka ya 90, mabenki yakabaki na madeni mabovu, watu wakawa wazee, na leo Japani haifiki hata sehemu moja ya sita ya Marekani. Yamaha bado nzuri vilevile, ndo ujue mashine nzuri na uchumi mkubwa ni vitu viwili.

China nayo ina dalili zizo hizo. Kampuni ya majumba ya Evergrande ilishindwa kulipa madeni 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Watu nao wameanza kupungua tangu 2022, ile sheria ya mtoto mmoja ya miaka mingi yadai malipo yake.

Ila msimfananishe kabisa na Mjapani, maana Wachina ni bilioni 1.4 na Wamarekani kama milioni 335. Kila Mchina akipata robo tu ya anachopata Mmarekani, basi wamelingana. Saa hii yuko kama dola elfu 13 kwa mwaka na mwenzake elfu 80 na kitu, kwahivo haihitaji muujiza, na kwa hesabu za mwanahistoria wa uchumi Angus Maddison mwaka 1820 China peke yake ilikuwa karibu theluthi ya uchumi wa dunia. Mimi nahisi atampita, ila kwa kidogo na kwa kuchelewa, na wastani wa mtu mmojammoja hatamfikia katika maisha yangu.

Mzee akanywa kahawa yake akaniuliza, basi mbona deni la reli ya SGR tulikopa kwa Mchina tukawa twalipa kwa dola? Swali zuri kuliko yote ya siku ile. Mikopo mikubwa ya reli China ilitupa kwa dola, ni 2025 ndo Kenya ikaibadilisha iwe kwa yuan. Na mpaka leo zaidi ya nusu ya akiba za pesa za kigeni za benki kuu duniani ni dola, yuan ni kama asilimia 2 hivi. Mzee akamwita muuza kahawa, akalipa vikombe vyote.